Umri wa chuma ndani ya mtambo wa nyuklia
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nikiwa hapa Chake Chake nimefuatilia kwa njia ya mtandao mafunzo ya mafundi umeme kuhusu namna mitambo ya nyuklia inavyopimwa kabla ya kuongezewa muda. Marekani leseni ya kwanza ni ya miaka 40, kisha huweza kuongezwa 20 baada ya ukaguzi. Pampu na vali hubadilishwa. Kinachotia wasiwasi zaidi ni chungu kikubwa cha chuma kinachobeba fueli, kwa kuwa nyutroni (chembe ndogo mno zinazotoka kwenye fueli) zinazokipiga miaka yote hukifanya kiwe chepesi kupasuka, hasa kikipozwa ghafla. Kilichonigusa zaidi ni kwamba tangu mwanzo huwekwa humo vipande vya chuma cha aina ileile, karibu zaidi na kiini, yaani pale penye fueli, ili vipate mionzi haraka kuliko chungu chenyewe, halafu hutolewa kwa awamu na kuvunjwa maabara, wahandisi wakaiona mapema hali ya miaka ijayo. Nyaya nazo huchakaa, maana joto na mionzi hukausha maganda yake. Sisi Wapemba, tunaotegemea waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, naona tunahitaji uangalifu wa namna hiyo: vipimo vya mara kwa mara na kumbukumbu zisizopotea.