Mshono wa Ubavuni

Leo asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, nimekipanda kilima mara saba. Kila mara ni sekunde 30 za mbio kwa nguvu zote nilizojaaliwa, kisha nashuka polepole mpaka pumzi irudi, kisha naanza tena. Nimefika nyumbani kanga imelowa jasho, mkono nimeegemeza ukuta wa jiko, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Cherehani bado sijaifunua. Nayaandika haya kabla wateja hawajaanza kupiga hodi.

Mwaka jana nilikuwa na kilo 96. Kituo cha afya walinipima presha wakaniambia imeanza kupanda, na mimi neno presha linanitia hofu kuliko mengine yote, kwa sababu mama yangu ndiyo iliyompooza upande wa kulia. Namwogesha mimi, namvalisha mimi. Basi nikaacha soda, nikapunguza wali wa usiku, nikawa natembea kila asubuhi kutoka kwetu hadi Gombani na kurudi, dakika 45. Kwa miezi minane zilitoka kilo 12, alhamdulillahi. Watu wa Chake Chake walikuwa wakinisimamisha njiani kuniambia mashallah.

Halafu mzani ukagoma.

Kila Ijumaa napima pale duka la dawa. Wiki ya kwanza 84. Ya pili 84 na kidogo. Ya tatu ikashuka gramu mia, nikafurahi siku nzima, na wiki iliyofuata ikarudi pale pale. Wiki tisa hivyo. Chakula ni kile kile, matembezi ni yale yale, hata mvua ya vuli sikuiogopa. Siku moja nilirudi kutoka kupima nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikalia, mteja yuko nje anasubiri gauni lake. Ukikonda kila mtu anakuona. Ukikwama uko peke yako, na ndani unajiuliza kama yote uliyoyafanya yalikuwa bure.

Nikashika simu, nikatafuta, nikaangukia video za mazoezi makali ya vipindi vifupi. Sekunde 20 unajitupa chini na kuruka juu, sekunde 10 unapumzika, mara nane, dakika nne umemaliza. Nikasema dakika nne nani hana. Nikayafanya peku, juu ya sakafu ya saruji, siku tatu mfululizo. Siku ya nne goti la kushoto lilivimba. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na kila nikisukuma pedeli nilihisi kitu kama sindano chini ya kifuniko cha goti. Wiki nzima nilishona kwa mguu mmoja.

Aliyenitoa hapo ni mdogo wangu wa kiume, ambaye anafundisha mpira vijana wa mtaani kwetu. Alikuja kumwona mama, akaniona nachechemea, nikamweleza. Hakunicheka. Alinyanyua ndoo ya maji ya lita 20 iliyokuwa mlangoni.

"Dada, hii ukiibeba kichwani mpaka Gombani, halafu kesho ukaenda bila ya ndoo, safari ipi itakuchosha?"

"Ya ndoo."

"Basi wewe ushatua zaidi ya nusu ndoo. Njia ni ile ile lakini mzigo si ule, na mwili hautumii tena nguvu zile za mwanzo."

Sikuwahi kulitazama jambo hili hivyo. Nilidhani matembezi yangu yamechakaa au mimi nimekuwa mvivu, kumbe ni mimi niliyepungua. Akaongeza kuwa mwili ukipungua nao huanza kubana matumizi, kama mama mwenye nyumba anavyobana unga mwisho wa mwezi. Njaa huongezeka, na hata vile vihangaiko vya mchana, kuinuka, kwenda huku na huku, hupungua bila ya mtu kujijua. Nikakumbuka kwamba siku hizi nikitaka uzi humwita binti yangu aniletee.

Zile sekunde 20 kwa 10 anazijua. Zinaitwa Tabata, kwa jina la mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata, ambaye mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa vijana waliofanya hivyo juu ya baiskeli ya mazoezi kwa wiki 6, na pumzi zao zikaongezeka sana. "Lakini wale ni vijana waliokuwa tayari na mazoezi, dada, tena baiskeli haipigi goti. Wewe uliruka juu ya saruji." Akanirudisha kwanza kituo cha afya nikapimwe presha, na nilipoambiwa iko sawa ndipo akanionesha kilima. Ukikimbia kupanda, mguu hautui kwa kishindo kama ukiwa tambarare, na Pemba yetu hii vilima hatununui.

Tukaanza na mara nne, Jumatatu na Alkhamisi tu. Siku nyengine naendelea kutembea. Nilipotaka kuongeza alinikataza: siku ya kupumzika ndiyo mwili unapojijenga.

Siku ya kwanza, kwenye mbio ya tatu, bibi jirani aliyekuwa akifagia uwanja aliutupa ufagio akaja njiani. "Kheri, mwanangu? Mama yako mzima?" Huku kwetu mwanamke mtu mzima akikimbia alfajiri, basi kuna msiba au kuna mgonjwa. Nikamwambia kheri tu, bi mkubwa, ni mazoezi. Akanitazama nilivyokuwa nahema, akaniambia, "Basi nakuombea dua." Tangu hapo kila nikipita huinua mkono. Sijui kama anajua jinsi mkono ule unavyonisaidia kwenye mbio ya mwisho, pale mapaja yanapowaka moto na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini inapokaba koo.

Wiki mbili za mwanzo mzani ulipanda. Ndiyo, ulipanda, nusu kilo. Kama si mdogo wangu ningeacha. Alinieleza kuwa misuli ikipata kazi ngeni hushika maji wakati inajitengeneza, na akanitaka nijipime kiuno badala yake. Kwa mshona nguo hilo si kazi. Nikachukua futikamba yangu ya zamani, nikajipima kiunoni, 101, nikafunga uzi mwekundu hapo kwenye namba.

Jambo jengine nililigundua mwenyewe, jikoni, na naliona kubwa kuliko kilima. Nilipoanza kupungua nilikuwa napima mafuta kwa kijiko cha chakula. Kijiko kile kilipotea, sikumbuki lini, nikawa namimina kutoka kwenye chupa kwa jicho. Nikaamua kupima kile ninachomimina. Vijiko vinne, na mimi nilidhani ni viwili! Kijiko kimoja cha mafuta ni kalori kama 120, kwa hiyo vile viwili vya ziada vilikuwa vinakaribia kula matembezi yangu yote ya asubuhi. Na tui nalo, nilikuwa nimesharudia lile zito la kwanza.

Kwa hiyo sitaki kumdanganya mtu kwamba kilima kinayeyusha mafuta kuliko matembezi. Nilivyosoma, mbio hizi za vipindi na mazoezi ya mwendo wa wastani hupunguza mafuta karibu sawasawa. Kinachopungua zaidi ni muda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na mimi mwenye mgonjwa ndani na nguo za watu mezani, nusu ile naihitaji. Tena pumzi! Zamani nikimnyanyua mama kutoka kitandani hadi kwenye kiti nilikuwa lazima nikae chini kwanza. Juzi nilimnyanyua, nikamkalisha, nikaendelea kuzungumza naye wala sauti haikukatika. Yeye ndiye aliyetambua. Alinishika mkono kwa ule wake mzima.

Sasa ni wiki ya saba. Ijumaa iliyopita mzani ulisoma 82 na nusu. Futikamba, 97.

Nina gauni la buluu la kitenge nililolishona kabla ya kunenepa. Miaka mitatu iliyopita nililifumua mbavuni nikalitoa mpaka kwenye ncha ya kitambaa, na matundu ya sindano ya mshono wa kwanza bado yanaonekana yamejipanga kama njia ya sisimizi. Jana usiku, watu wameshalala, nimelifumua tena, nikalivaa kwa pini, nikachora kwa chaki. Mshono mpya umepita katikati, baina ya ule wa zamani na ule wa ncha. Nimeushona kwa hatua ndefu, ili ukitaka kufumuliwa ufumuke kwa urahisi.