Nilivyokikabili Kipindi cha Kusubiri Hati ya Nyumba Yetu Iringa

Kwa mtu anayeishi kwa mshahara, sehemu inayochosha zaidi katika kununua nyumba huanza baada ya mkataba kusainiwa. Fedha zimekwisha kutoka au zimefungwa, majirani wa mnapopanga wameshasikia kwamba mnahama, watoto wameshaanza kugawana vyumba kwa maneno, na nyumba yenyewe kisheria bado ni ya mtu mwingine. Mimi na mume wangu tulikaa katika hali hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka tuliponunua nyumba Mtwivila, katika Manispaa ya Iringa. Ninaandika kwa ajili ya wale walio katikati ya kipindi hicho sasa, hasa wale ambao bado wana nafasi ya kuuandika mkataba wao vizuri, kwa sababu ninaamini kwa moyo wote kwamba utulivu wa mnunuzi huandaliwa pale mezani kwa wakili, kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja aliyekwisha kufariki, na hati ilikuwa bado katika jina lake. Aliyekuwa akituuzia ni mwanawe wa kwanza, ambaye mahakama ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi. Watu wengi hudhani kwamba barua ya usimamizi inatosha, kwamba msimamizi akishaipata anaweza kuuza leo na mnunuzi akabadilishiwa hati kesho. Sivyo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, msimamizi huandikishwa kwanza kwa Msajili wa Hati kama mwakilishi wa marehemu, na baada ya hapo ndipo anapoweza kumhamishia mnunuzi milki ile. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunasubiri mambo mawili yanayofuatana, na la pili lisingeweza hata kuanza kabla la kwanza halijakamilika. Tulilijua hilo mapema, na kulijua mapema kulitusaidia sana, kwa kuwa miezi ya mwanzo ilipopita bila jina letu kutajwa popote hatukuiona kuwa dalili ya kudanganywa.

Aliyetufumbua macho ni shangazi wa mume wangu, mama ambaye alifanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka mingi na ameona kesi za viwanja za kila aina. Tulipomweleza kwamba muuzaji anataka alipwe nusu ya bei mara moja, alimwambia mume wangu, "Baba, fedha ikishatoka yote au nusu yake, wewe huna tena cha kumfanya mwenzako aamke asubuhi kwenda ofisini." Tulirudi kwa wakili tukaomba malipo yafungwe kwenye hatua. Malipo ya awali yalikuwa madogo, ya kutosha kugharimia uthamini na safari za msimamizi. Sehemu ya pili ingetolewa siku msimamizi atakapoandikishwa. Salio lote, ambalo ndilo lililokuwa fungu kubwa, lingebaki benki katika akaunti ambayo msimamizi alioneshwa barua ya kuithibitisha, na lingelipwa siku hati itakapotoka ikiwa na majina yetu wawili. Mkataba ulitaja nani analipa kodi ipi, ulitaja tarehe ambayo baada yake upande wowote ungeweza kujitoa na fedha kurudishwa, na uliambatanishwa na muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na warithi wote pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Msimamizi alinung'unika kidogo, akakubali. Ningemshauri mnunuzi yeyote ambaye muuzaji wake anakataa masharti ya namna hiyo aendelee kutafuta nyumba nyingine, hata kama ile ameipenda.

Kabla ya kusaini tulifanya pia jambo ambalo sheria haikututaka tulifanye. Mjane wa marehemu alikuwa amehamia kwa binti yake Njombe, na sahihi yake ilikuwa kwenye muhtasari, lakini sikuridhika kununua nyumba ya mama mzee ambaye sijawahi kumwona. Tulisafiri kwenda kumwona. Tulipoingia alitupokea kwa "Kamwene", tukaitikia, tukakaa naye mchana mzima, na alipotueleza mwenyewe, bila mwanawe kuwapo, kwamba nyumba ile ilikuwa imemwelemea na kwamba anahitaji kuwa karibu na binti yake na hospitali, nilijua kwamba lolote litakalotokea mbele, dhamiri yangu haitakuwa sehemu ya mzigo. Miezi kadhaa baadaye safari ile ilitufaa kwa namna ambayo hatukuitazamia, nami nitaieleza.

Mkataba ukasainiwa, kusubiri kukaanza. Upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kukagua kumbukumbu za hati ile kwenye daftari lake, tulikuwa tumeufanya tayari, na ulionesha kwamba nyumba haikuwekwa rehani benki, hakuna zuio, na muda wa milki uliobaki ni mrefu. Hili la muda watu hulisahau. Ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo anachohamisha muuzaji ni haki ya kumiliki kwa miaka iliyotajwa kwenye hati, na hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa ukingoni. Baada ya upekuzi alikuja mthamini, na taarifa yake ilipaswa kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Taarifa hiyo ndiyo inayotumika kukadiria kodi. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 tuliubeba sisi. Nyumba ya zamani haina risiti za saruji wala za mabati, hivyo suala la faida ni kiasi gani lilichukua muda wake huko kwenye mamlaka ya mapato, na faili halikuweza kusogea kwenda kuombewa idhini ya Kamishna wa Ardhi hadi kodi ilipolipwa. Angalau hatukulazimika kusafiri. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi yenye Kamishna Msaidizi, wakati zamani watu wa Iringa walifuata huduma hizi ofisi ya kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia.

Nimeeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu wasiwasi wangu ulipungua kwa kadiri nilivyozielewa. Wiki za mwanzo nilikuwa ninamwona kila ofisa anayeomba karatasi nyingine kama mtu anayesimama kati yangu na nyumba yangu. Wakili wetu alipokaa nasi na kutueleza kila karatasi inazuia wizi gani, niliweza kukubali kwamba ofisi inayochelewa kuidhinisha uhamisho wa nyumba ya marehemu inamlinda mjane kama yule wa Njombe, na inanilinda mimi pia dhidi ya mtu ambaye angeweza kuibuka baada ya miaka mitano na hati nyingine mkononi.

Hata hivyo, kuelewa hakulipi kodi ya pango. Sehemu ya fedha tulikuwa tumekopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini, na makato yalianza mwezi uliofuata, wakati bado tunapanga Kihesa. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, nasi tulikuwa tumeufikia ukingo huo wote wawili. Kisha mkataba wetu wa upangaji ukafika mwisho, na mama mwenye nyumba, kama ilivyo desturi, alitaka kodi ya miezi sita. Hapo ndipo usingizi uliponipotea kabisa. Kulipa miezi sita kungetumaliza, na kuhamia kwenye nyumba ambayo bado si yetu, jambo ambalo msimamizi alilipendekeza kwa nia njema, kungeondoa uzito wa masharti yote tuliyoyaandika. Tungeanza kurekebisha dari na vyoo kwa fedha zetu katika nyumba ya mtu, na siku mambo yakiharibika tungekuwa tunadai yasiyodaika.

Nilimwendea mama mwenye nyumba jioni moja, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu, hadi kumwonesha nakala ya mkataba. Nilimwomba tulipe mwezi kwa mwezi, kwa nyongeza kidogo juu ya kodi ya kawaida, na tukampa ahadi ya maandishi kwamba tutamjulisha mwezi mzima kabla ya kuondoka. Alifikiri, akaniuliza kama kuna mpangaji ninayeweza kumletea baada yetu, na nilipomtajia mwalimu mwenzangu aliyekuwa akitafuta nyumba, alikubali. Nadhani tungekwenda kwake tukiwa tumeficha hali yetu, au tukiwa tumeshachelewa kulipa, jibu lingekuwa jingine.

Nyumbani tulijiwekea utaratibu. Tulikuwa na daftari moja ambamo tuliandika faili liko ofisi gani, limepelekwa lini, na linasubiri nini kutoka kwa nani. Nilikuwa nimeanza kumpigia wakili kila nilipokumbuka, na kila simu iliyojibiwa kwa "bado, mama" iliniharibia siku, kwa hiyo tulikubaliana naye kwamba tutazungumza Alhamisi tu, na likitokea jambo la haraka atatupigia yeye. Baada ya chakula cha usiku hatukuzungumza habari za nyumba. Mume wangu alipendekeza pia tusipite Mtwivila bila sababu, wala tusinunue hata pazia, nami nilimwona mkali, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nikirudi kutoka huko nimehesabu vigae vilivyopasuka na miche ya matunda ambayo ningepanda mvua za Novemba zikianza, na usiku wake sikulala. Kwa ndugu waliokuwa wakiuliza kila Jumapili baada ya ibada kama tumeshahamia, tulikuwa na jibu moja, kwamba tutawaalika siku ikifika, na tulilirudia bila kuongeza maelezo. Maelezo huzaa ushauri, na ushauri wa watu kumi wenye visa kumi vya kutapeliwa haubebeki.

Wakati mgumu kuliko yote ulikuja msimamizi alipokwisha kuandikishwa, wakati tulipoanza kuona mwisho. Mmoja wa warithi, anayeishi Dar es Salaam, alituma ujumbe akisema kwamba bei ilikuwa ndogo na kwamba atakwenda kuzuia uhamisho. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna mtu mwingine aliyewaahidi zaidi. Nilitetemeka mikono niliposoma ujumbe ule, na mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mtulivu, alitaka kumpigia yule ndugu usiku uleule. Nilimsihi asubiri hadi asubuhi, tumpelekee wakili. Wakili alifanya mambo mawili. Aliandikisha zuio kwa Msajili wa Hati, yaani taarifa kwenye daftari kwamba kuna mnunuzi mwenye maslahi katika milki ile, ili isiweze kuhamishiwa mtu mwingine kimyakimya. Zuio hilo tungeliondoa wenyewe uhamisho wetu utakapofika mezani. Kisha alimwandikia msimamizi kwa lugha ya heshima, akimkumbusha kwamba warithi wote walisaini muhtasari na kwamba sehemu ya pili ya malipo ilikuwa imekwisha kupokewa.

Lakini lililomaliza jambo lenyewe lilitoka Njombe. Mama alipopata habari aliwaita watoto wake wote, akawaambia kwamba yeye alikaa na wanunuzi, akawakubali, na kwamba neno lake halirudi nyuma kwa sababu ya fedha ya mtu wa njiani. Binti yake ndiye aliyetusimulia. Yule ndugu hakutuomba radhi, nasi hatukuhitaji atuombe. Alinyamaza, na hilo lilitosha. Sitaki mtu afikiri kwamba zuio lilikuwa la ziada kwa kuwa mama alisimama upande wetu. Kama asingesimama, zuio na muhtasari ndivyo tungevibeba mahakamani, na katika zile siku za katikati, kabla hatujasikia habari za kikao cha Njombe, ni karatasi hizo zilizoniwezesha kwenda darasani na kufundisha.

Idhini ilitoka wakati wa baridi kali ya Julai, na usajili ukafuata bila matata. Siku hati ilipokuwa tayari tulikwenda benki pamoja na msimamizi, warithi waliokuwepo Iringa na wakili, salio likahamishwa mbele ya wote, na kila mmoja akasaini hati ya mapokezi. Tulihakikisha kodi ya pango la ardhi ya miaka ya nyuma imelipwa, tukakagua kama mita ya umeme ina deni, kwa kuwa kodi ya majengo siku hizi hukatwa humo wakati wa kununua umeme, tukabadilisha jina kwenye akaunti ya maji. Mawe ya mpaka tuliyakagua tena na jirani wa kila upande akiwa amesimama nasi. Mama mwenye nyumba tulimpa taarifa yake ya mwezi mzima kama tulivyoahidi, mwalimu mwenzangu akamlipa kodi yake, na tulihamia Mtwivila mwisho wa mwezi huo.