Nilifuata warusha magogo, nikanaswa na ngoma ya panga

Kusema kweli mimi nilikua naenda kuona yale majitu yanayorusha magogo, ngoma hata sikua nayo akilini. Ceres ni kijiji kidogo cha Fife huko Skotlandi na Jumamosi ya mwisho ya Juni ndio michezo yao ya jadi. Nikapanda treni Dundee, tukavuka lile daraja refu la mto Tay, nashuka Cupar basi lishaondoka (au ratiba niliisoma vibaya, sikatai), ikabidi nichape mguu kama kilomita 5 na manyunyu yananitia adabu njia nzima. Na viatu vya turubai, usiniulize.

Uwanja unaitwa Bow Butts, palepale watu wa zamani walipokua wakifanya mazoezi ya mishale. Wenyeji watakwambia vijana wao walitoka hapo wakaenda vita vya Bannockburn dhidi ya Waingereza 1314, wakarudi na ushindi na sherehe ya kurudi kwao ndio hii mpaka leo.

Sasa pembeni kuna jukwaa la mbao na mzee mmoja yuko na zumari lake lile la mfuko, analibana kwapani mashavu yamevimba. Wasichana wanapanda watatu watatu, namba imebanwa kiunoni, nywele zimefungwa kishungi hakuna hata unywele umetoka. Wanainamia majaji kwa heshima ndio waanze. Ile inayoitwa Highland Fling unaruka palepale ulipo husogei, mikono juu kama pembe za kulungu, wanasema ilikua ikichezwa juu ya ngao.

Halafu kuna Seann Triubhas, inatamkwa kama shon truus, maana yake suruali kuukuu. Baada ya uasi wa Waskoti kushindwa Waingereza waliwapiga marufuku wanaume kuvaa sketi zao za jadi 1746, hadi 1782 ndio ikaondolewa, na mle kwenye ngoma kuna pahala mchezaji anakung'uta mguu hivi kama mtu anayeivua suruali kwa hasira. Sisi watu wa kikoi hapo hatuhitaji mkalimani.

Lakini panga bwana! Mbili zimelazwa chini zimepishana na msichana wa labda miaka kumi anaruka kwenye zile pembe nne, viatu vya ngozi laini vyeusi, kamba zimemzunguka mguu, kila akitua ni kwa sehemu ya mbele ya wayo na husikii kishindo, mara akapiga makofi kumbe ndio anamwambia mpiga zumari aongeze mwendo. Mama mmoja kando yangu na chupa yake ya chai akanifahamisha kwamba akiugusa upanga anakatwa alama, akiusogeza ndio basi tena. Katika 100, alama 80 ni za ufundi wa miguu na mikono, zinazobaki ni mpigo na mkao. Huyo mama hakunywa ile chai mpaka ngoma ikaisha, nadhani mtoto alikua wake.

Mimi mawazo yashafika Mombasa, kwenye kirumbizi, zumari linalia na fimbo zinagongana. Na si mawazo tu, enzi za beni, zile ngoma za gwaride na tarumbeta, pale Mombasa palikua na kundi likiitwa Scotchi, mahasimu wa kundi la Kingi, na wakubwa wao walivaa sketi hizihizi za Waskoti wakipita mitaani. Magogo niliyaona mawili tu, nikarudi jukwaani.

Jioni nikamrushia shangazi video, ikakatikia katikati kwa sababu simu iliisha chaji. Nilijua atacheka wale wanaume wa sketi. Akanijibu kwa sauti, "We mwanangu, huyo mtoto aligusa au hakugusa?"

Hakugusa, shangazi.