Flink: klasta ya wote au kila kazi na klasta yake?

Wengi wanaoanza na Apache Flink, mfumo wa kuchakata data inayotiririka, huanzia klasta ya pamoja, ile ya session. Unaiwasha mara moja, halafu kila mtu anatupia kazi zake humo. JobManager, yaani mratibu wa kazi, tayari iko hewani, kwa hiyo kazi inaanza chapuchapu. Kwa maswali mafupi ya SQL na majaribio, inatosha kabisa. Shida inakuja kwa kazi za kukaa miezi.

Chukua TaskManager, yaani mchakato unaozifanya kazi zenyewe, yenye taskmanager.memory.process.size ya 4096m na sloti (nafasi za kuendeshea kazi) 4. Flink inatoa kwanza 256m za Metaspace (kumbukumbu ya klasi za Java), kisha asilimia 10 ya jumla kama akiba ya JVM, mashine inayoendesha Java, karibu 410m. Zinabaki 3430m. Asilimia 40 ya hizo, yaani 1372m, ndiyo kumbukumbu ambamo RocksDB, hifadhi ya hali ya kazi, inafanyia shughuli zake. Gawa kwa nne: kila sloti ina 343m. Aliyedhani ana giga nne, hesabu ndiyo hiyo.

Na kinachogawanywa ni hicho tu. Prosesa haigawanywi, na hipu, kumbukumbu ya kawaida ya programu za Java, ni moja. Ni nyumba ya kupanga yenye LUKU moja: kila mtu ana chumba chake, lakini wa chumba cha tatu akichomeka pasi, yuniti zinakwisha kwa wote. Kazi ya jirani ikijaza hipu mpaka JVM ikafa, kazi zote zenye sloti humo zinarudi kwenye chekipointi ya mwisho (nakala ya hali ya kazi inayohifadhiwa mara kwa mara), hata yako isiyo na kosa.

Kuna na ugonjwa wa polepole. Kila unapotuma kazi upya, klasi zake zinapakiwa upya. Draiva ya JDBC (ya kuunganisha na hifadhidata) iliyofungwa ndani ya jar yako, faili la programu, inaweza kuzishikilia zile za zamani, na baada ya kutuma mara kadhaa unapata OutOfMemoryError: Metaspace. Kuongeza ukubwa ni kuahirisha tu. Iondoe draiva kwenye jar, iweke /opt/flink/lib.

Kazi ya kudumu ipe klasta yake. Kwa Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, matoleo ya Flink ya 1.x:

flink run-application -t kubernetes-application -Dkubernetes.cluster-id=malipo -Dkubernetes.container.image.ref=<imeji yako> local:///opt/flink/usrlib/malipo.jar

Jar lazima iwe ndani ya imeji. Njia hiyo ni ya ndani ya kontena, si ya kompyuta yako. Gharama ipo: JobManager kwa usanidi wa kawaida ni 1600m, hivyo kazi 20 ndogo zinakula 32,000m kabla ya kugusa data. Ndogondogo ziache kwenye session.

Kuhama, simamisha kwa flink stop --savepointPath, kisha anzisha upya kwa -s na njia ya savepointi, nakala ya hali unayoichukua mwenyewe. Kabla ya hapo hakikisha kila opereta (hatua ya uchakataji) yenye hali ina uid(), kitambulisho chake, kwenye msimbo. Bila hiyo Flink inajitungia kitambulisho kutokana na umbo la grafu, yaani mpangilio wa opereta. Ukibadilisha grafu, hali ya zamani inakosa mwenyewe na kazi inagoma kuanza. Wenye haraka huongeza --allowNonRestoredState, inayoruhusu hali isiyo na mwenyewe iachwe. Kazi inaanza vizuri tu, na jumla zinaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri.