Hatua ishirini kwa ishirini

Dar es Salaam, mtu akisema "nimehamia kwangu", mara nyingi ni Goba, Chanika, Madale au Kibamba: nyumba imeshaezekwa, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao, umeme unasubiri nguzo. Nje ya mji nyumba ndiyo hutangulia. Barabara, bomba na mtaro hufuata, kama vitafuata. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima Bunju, Tuangoma, Kisota, Buyuni na kwingineko, lakini sehemu kubwa ya viunga imekatwa na wenye mashamba wenyewe, dalali akiwa katikati na mauziano yakiandikwa serikali ya mtaa.

Huko kipimo ni mguu. "Ishirini kwa ishirini" ya dalali huenda ni hatua, si mita. Hatua ya kawaida ni kama sentimita 75, hivyo ishirini ni mita 15, na unaondoka na mita za mraba 225 badala ya 400. Nenda na futikamba. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Njia itazame kabla ya kiwanja chenyewe. Lori la mchanga lina upana wa karibu mita 2.5. Njia ya mita 3 italipitisha, ila kugeuza ni balaa. Lisipofika, mchanga unamwagwa mbali nawe unalipa vijana wa kusombelea kwa toroli. Miaka michache mbele shimo la choo linajaa, na gari la kunyonya nalo halifiki.

Shimo hilo na kisima hushauriwa viachane walau mita 30. Sasa kiwanja cha mita 20 kwa 20, kona hadi kona, kina mita 28 tu, na jirani ana shimo lake pale mpakani! Maji ya kisima kifupi yawe ya kufulia na kudekia. Yakiwa ya chumvi usiyatie hata kwenye zege: nondo zitaota kutu humo ndani.

Watu watano wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, simtanki la lita 1,000 linakauka siku ya nne. La 5,000 linafika siku ishirini, lakini likijaa maji yake ni tani tano. Lisipandishwe kwenye mnara wa tofali tupu. Paa la mita za mraba 100 hukupa karibu lita 800 kwa mvua ya milimita 10. Maji ya mvua ya kwanza yamwage, yameosha vumbi na mavi ya kunguru.