Kijito Kikikauka

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na 1 Wafalme 17, habari ya nabii Eliya wakati wa ukame, na nimeshindwa kutoka hapo.

Wengi wenu mnajua nilikuwa na duka Kayole, hapa Nairobi, miaka tisa. Mwezi uliopita nilifunga. Friji ilikuwa imeshauzwa, mizani imechukuliwa, mashelfu yakabebwa na mkokoteni, nikabaki na daftari la madeni na ile jagi ya kupimia mafuta. Nikiwa nafagia akaingia mtoto wa ploti ya nyuma na chupa yake na shilingi 20, ananiambia auntie nipimie mafuta. Nilikuwa sijalia tangu nianze kufungasha vitu. Hapo ndio nililia.

Watu hufikiria ukifunga biashara unalilia pesa. Pesa inauma, sitadanganya, deni la chama bado nalilipa polepole. Lakini kuna kuamka saa kumi na moja asubuhi mkono unatafuta funguo na hakuna mlango wa kufungua, kuna watu wa ploti bado wanakuita Mama Duka na kila wakiita kitu kinakukata ndani, na kuna kuzungukia njia ya nyuma ndio usipite mbele ya ile shata imefungwa.

Kanisani ndio niliogopa zaidi, juu nilisimama mbele nikashuhudia wakati nilifungua, na nikashuhudia tena 2020 tulipoponea ile kafyu ya korona ya saa moja jioni. Sasa nitasimama niseme nini? Mtu mmoja aliniuliza, tena kwa upole, kama nilikuwa natoa fungu la kumi vizuri. Hilo swali nililala nalo wiki mbili, nikawa napekua maisha yangu yote natafuta pale nilikosea Mungu.

Halafu nikafika mstari wa 7. Kijito cha Kerithi kilikauka kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi. Basi, hiyo ndio sababu imeandikwa. Hakuna mahali inasema Eliya alikosea. Na ni Mungu mwenyewe alimtuma pale, kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi na jioni, haikuwa ndoto. Kwa hivyo ushuhuda wangu haukuwa uongo! Maji yalikuwa ya Mungu, na yakakauka.

Na kijito hakikauki siku moja, Eliya alikuwa amekaa pale akiangalia maji yakipungua. Mimi pia niliangalia. 2022 unga wa kilo 2 ulipita shilingi 200, watu wakaanza kununua nusu, halafu kwa deni, gunia la sukari lililokuwa linaisha siku nne likawa linakaa wiki mbili, kisha kodi ikapanda. Mvua haikunyesha.

Kutoka hapo Mungu anamtuma Sarepta, nchi ya Sidoni, kwao Yezebeli, yule malkia aliyewaua manabii wa Mungu, mahali mimi singewahi kufikiria. Kwa lango la mji anapata mjane anaokota kuni, amebaki na konzi ya unga na mafuta kidogo kwa chupa. Unga na mafuta wapendwa, vitu nimepima miaka tisa. Huwa tunahubiri ule muujiza wa unga kutoisha na ni haki yetu kuuhubiri, lakini mimi wiki hii nimesimama kabla ya hapo, pale mama anasema wazi kwamba anaenda kupika chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, wafe. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Hakuna mtu alimwambia akiri ushindi kwanza. Aliambiwa asiogope. Na huyo anayemwambia ni mtu ametoka kwa kijito kikavu, yeye mwenyewe anaomba maji na kipande cha mkate.

Nimejua nilikuwa nawaogopa watu ambao labda na wao wanaokota kuni.

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitabaki pale nyuma, karibu na dirisha, na thamosi ya chai. Kama umefunga kibanda, saluni, stoo ya mahindi, chochote, ama uko karibu kufunga na hujaambia hata mtu wa nyumbani kwako, njoo tukae. Si lazima uongee. Mandazi nitakuja nayo.