Nilivyojifunza kupokea zamu nyumbani kwangu

Mie ni mtu wa Likoni ila sasa hivi naandika nikiwa Hoima, huku Bunyoro, Uganda, majirani washanipa empaako, jina la heshima la huku, wananiita Araali na wengi wao hata jina langu la pwani hawalijui. Nilikuwa mwanamaji wa jeshi la Kenya pale kambi ya Mtongwe miaka 11, fundi wa chumba cha injini, halafu nikatoka nikaenda kusomea uhandisi wa petroli nikiwa tayari na mke na mtoto. Wazo lilinijia 2012, mwaka ule jeshi letu liliposhuka Kismayu ndo mwaka huohuo kisima cha Ngamia 1 kule Turkana kikapata mafuta, nikajiambia pampu nazijua, presha naijua, kukesha nakujua, basi nijaribu. Kusoma na vijana wa miaka 19 ilikuwa shughuli lakini hayo nayapita, leo nataka niandike mambo ya nyumbani.

Kazi yetu ya kuchimba visima huku Ziwa Albert ni siku 28 kambini, saa 12 kila siku, halafu siku 28 nyumbani. Mwanzo familia ilibaki Likoni. Kutoka kambini mpaka Hoima, Hoima Kampala, basi la usiku, Malaba, Nairobi, mpaka uvuke feri, siku zinaisha barabarani na ukifika umechoka hutaki hata kusemeshwa. Mtoto wangu mdogo alikuwa akiniona anajificha nyuma ya mamake. Hilo liliniuma wallahi, ndo nikaamua kuwahamishia Hoima wote watatu. Nikadhani nimemaliza tatizo, kumbe ndo lilikuwa linaanza.

Maana sasa nikawa nafika nyumbani nina nguvu, na mtu wa nevi akiwa na nguvu anatoa amri. Watoto waamke saa kumi na moja alfajiri, vitanda vitandikwe vile, deni la duka lisimamishwe, hiki kwa nini kiko hapa. Likizo ya pili nikaona boda anayepeleka watoto shule anafika saa moja na robo badala ya saa moja kasoro robo, siku ya kwanza nikanyamaza, siku ya pili nikamfukuza palepale getini, nikamwambia ssebo usirudi tena. Kumbe mke wangu, Mama Kibibi, ndiye alimwambia achelewe, kwa sababu mdogo ameanza nasari jirani na shule ya dadake na geti la nasari halifunguliwi mapema, hivo anawabeba wote wawili safari moja kwa bei moja. Kijana wa watu alikuwa anafuata makubaliano. Watoto hawakwenda shule siku hiyo, Kibibi akaninunia, na usiku mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Baba Kibibi, hii nyumba ilikuwa inaenda kabla hujafika. Huko melini ulikuwa unashika injini bila kuuliza?"

Sikulala.

Kwa sababu jibu nalijua. Zamu yangu ilikuwa saa sita usiku mpaka saa kumi, na bosi wangu wa kwanza, mzee mmoja mkali, alinifundisha kwamba ukishuka ngazi kupokea zamu mikono yako inagusa ila haigeuzi kitu. Unapitisha kiganja kwenye beringi moja moja usikie joto, unanusa kama kuna mafuta yanaungua, unaangalia maji ya chini ya sakafu yamefika wapi, unasoma daftari, halafu unamsikiliza yule anayetoka mpaka amalize. Ndo unasaini. Ukifungua vali hujui mwenzako aliifunga kwa nini unaweza kuharibu kitu bure. Kwenye rigi, mtambo wa kuchimbia kisima, ni vilevile na pengine zaidi, ukipokea zamu unaambiwa tangi la matope yanayozungushwa kisimani tukichimba lina mapipa mangapi, likizidi hata kidogo na hakuna aliyeongeza ujue kuna kitu huko chini kinasukuma, sasa kama hukuambiwa namba ya mwanzo utajuaje limezidi? Haya yote nayajua, nayafanya kazini kila siku, na nyumbani kwangu sikuwahi kupokea zamu hata mara moja.

Asubuhi nikaenda stendi ya boda nikamwomba yule kijana msamaha mbele ya wenzake, akarudi. Halafu nikanunua daftari la kawaida la shule la kurasa 96. Nikamwomba Mama Kibibi, kila nikifika, jioni ya kwanza anikabidhi nyumba, na siku mbili za mwanzo sigusi utaratibu wowote. Aliniangalia akidhani nimeanza amri nyingine. Ila likizo iliyofuata nikakuta ameandika kurasa mbili na nusu. Mtungi wa gesi umeisha tarehe 9. Mwenye nyumba kaja mara mbili kuhusu ukuta. Mdogo anaogopa giza tangu umeme ulivyokatika siku tatu. Kibibi hamalizi chakula, muulize taratibu. Hilo la mwisho nilisoma mara nyingi. Hilo ndo tangi limezidi pipa moja, na mimi ningeingia na amri zangu nisilione kabisa.

Sikumuuliza siku hiyo. Siku ya tatu tuko jikoni yeye ndo akaanza, eti mwalimu kasema mafuta ya Uganda yanaganda, je baba mnayachota na kijiko? Nikachukua kopo la mafuta ya kupikia, nikamwonyesha yalivyo magumu, tukayaweka kwenye sufuria yakayeyuka, nikamwambia yetu yana nta nyingi ni hivihivi, ndo maana lile bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limewekewa mfumo wa kulipasha joto njia nzima. Akacheka akasema mafuta yanaenda kwetu pwani sisi tumekuja huku. Akanyamaza, akachora chora kwenye mafuta na kijiko, ndo akaniambia wenzake darasani wanamcheka anavyosema Kiingereza, na Kinyoro hajui. Tulikaa pale mpaka sufuria ikapoa mafuta yakaganda tena.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Na mimi nikiondoka nakabidhi. Keshokutwa gari linanifuata saa kumi na moja alfajiri, hivo usiku wa leo ni zamu yangu kuandika: mfereji wa jikoni bado unavuja nimefunga na mpira, ada ya muhula nimelipa nusu, mdogo analala na taa ndogo usiizime. Kibibi anamaliza chakula. Mama Kibibi anasoma kwanza, anauliza maswali yake, halafu ndo anasaini.